Kulitungia Muziki Shairi la Upuuzi kwa Kikundi Kidogo cha Jukwaani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mtunzi wa muziki aliyekabidhiwa shairi lisiloeleweka akaambiwa "lifanyie kitu". Wa pili ni mwongozaji wa maigizo aliyeliandika shairi lenyewe usiku wa manane, akadhani kufikia asubuhi litajiimba. Majibu ni ya mtu mmoja ambaye amekwisha kukosea karibu kila jambo analolikataza hapa. Ili tusizungumze hewani, nimetunga ubeti wa mfano, na nitaurudia mara nyingi:

Kibutwe kilipopinda, kikaguguta nyoyoro,
Vingolwe vikajipunda, vikatambaa zororo;
Mdubwi akaviganda, akanena: "Piro! Piro!"
Twende mbele, twende Wanda, kwa mjomba wa Zororo!

Shairi la upuuzi ni lipi hasa?

Si shairi la vichekesho, wala si maneno yaliyomwagwa ovyo. Katika shairi la upuuzi sarufi imekaa sawasawa. Maneno ndiyo yaliyopotea njia. Hujui kibutwe ni nini, lakini unajua ni kimoja, unajua kilipinda kwanza ndipo kikaguguta, na nikikuambia vipo viwili utasema "vibutwe" bila kufikiri. Mdubwi naye ana uhai, maana kitenzi chake kimeanza na a-. Ngeli zetu hufanya nusu ya kazi ya mtunzi: vingolwe ni vingi, Mdubwi ni mmoja, na kabla hujaandika nota hata moja tayari kuna kundi upande huu wa jukwaa na mtu peke yake upande ule.

Maneno halisi huruhusiwa kujificha ndani. Katika "vikajipunda" kila msikilizaji atasikia punda, na katika "kikaguguta" atasikia kuguguna. Usiyafukuze. Hayo ndiyo yanayomfanya mtu aegemee mbele kwenye kiti akidhani anakaribia kuelewa.

Ipo aina nyingine, ile ya sauti tupu zisizo na sarufi yoyote. Mshairi Hugo Ball alisoma mashairi ya namna hiyo mjini Zürich mwaka 1916, na mwaka 1962 mtunzi wa muziki György Ligeti aliandika kazi nzima kwa waimbaji watatu na wapigaji saba kwa lugha isiyokuwepo. Ni kazi nzuri, lakini ni ufundi mwingine. Majibu yanayofuata yanahusu upuuzi wenye sarufi.

Nianze na melodia au na maneno?

Anza na mdomo. Lisome shairi kwa sauti ukitembea chumbani, mara kumi, bila ala na bila kujirekodi. Kisha chukua kalamu upige mstari chini ya kila silabi yenye mkazo. Kwa Kiswahili kazi hii ni nyepesi: mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na neno la kubuni hulitii sharti hilo sawa na neno tulilorithi kwa mababu.

ki-BU-twe ki-li-po-PI-nda, ki-ka-gu-GU-ta nyo-YO-ro

Mizani 16, nane kwa nane, kama shairi lolote la kimapokeo. Hakuna la ajabu mpaka hapo. Sasa hesabu kutoka mkazo hadi mkazo. Ile "ki" ya kwanza iache, ni hatua ya kupandia ngazi. Kutoka BU kabla ya kufika PI ni silabi tano. Kutoka PI kabla ya GU ni tano tena. Kutoka GU kabla ya YO ni tatu. Na kutoka YO mpaka uugonge mkazo wa kwanza wa mshororo unaofuata, ambao ni NGO, ni tatu. Tano, tano, tatu, tatu. Mshororo wa pili unarudia mpango huohuo bila kukosea.

Wa tatu unaanza vilevile kwa tano, halafu Mdubwi anapokaribia kufungua mdomo mambo yanavunjika: nne, mbili, mbili, mbili. Ukifika kwenye kibwagizo unapata mbili, mbili, mbili, nne, nne, mbili. Hakuna hata fungu moja lisilogawanyika kwa mbili. Hilo ni gwaride.

Sikulipanga hivyo nilipokuwa natunga. Nililiona baada ya kuhesabu, na ndiyo sababu nakusihi uhesabu. Muziki wa ubeti huu umekwisha kujiandika: mishororo miwili inayochechemea kwa tano na tatu, mmoja unaokatika katikati, kisha kikundi kizima kinaingia kwa miguu, kushoto kulia, kushoto kulia. Kilichobaki ni kuchagua nota za juu na za chini, na hiyo ni sehemu rahisi.

Niliwahi kwenda kinyume. Nilikuwa na melodia tamu ya mapigo matatumatatu ambayo nilikuwa nimeitunza muda mrefu, nikalipachika shairi juu yake kama mto kwenye foronya isiyo yake. Waimbaji wakawa wanaimba KI-butwe, vi-ngo-LWE. Siku ya onyesho watu walisikiliza kwa adabu, hakuna aliyecheka, na mmoja akaniuliza baadaye ile ilikuwa lugha gani. Nilichojifunza ni hiki: neno halisi likitiwa mkazo kombo, msikilizaji hulinyoosha mwenyewe kichwani kwa kuwa analijua. Neno la kubuni halina wa kulinyoosha. Likiharibika mkazo, limekufa, na ngeli yake imekufa nalo.

Naweza kutumia mahadhi yaliyopo badala ya kutunga mapya?

Unaweza, na mara nyingi hutokea vizuri kuliko melodia mpya. Shairi la mizani 16 litakaa kwenye mahadhi mengi ya mizani 16. Chagua mahadhi mazito, yale ambayo watu huyahusisha na mawaidha au maombolezo, kisha yaimbe kwa heshima yake yote. Ila hakikisha hayana mwenyewe anayeyadai.

Hizi m na n zinazosimama peke yake nizifanyeje?

Zipe nota yake. "Mdubwi" ni silabi tatu, na ile m ya mwanzo huimbwa midomo ikiwa imefumbwa. Waimbaji wengi huimeza, wakaimba "dubwi" halafu wakawa mbele ya mapigo kwa nusu hatua bila kujua kwa nini. Ndivyo ilivyo pia kwa "kwa mjomba": wakiharakisha, inakuwa "kwamjo", na gwaride lako limekosa mguu.

Lakini nd, mb na ng zilizo ndani ya silabi hazidai nota. "Vingolwe" ni vi-ngo-lwe, tatu basi. Nimeona nota zilizoandikwa na mtu mwenye bidii kupita kiasi ambazo zilimpa n ya "pinda" nota yake, na korasi nzima ikasikika kama ina mafua.

Kwa upande wa jukwaa, m hii ni zawadi. Mwisho wa mshororo wa pili, kila mtu anyamaze isipokuwa sauti za chini, ziishike ile mmmm kwa muda mrefu kupita inavyostahili, mpaka watu waanze kutazamana. Kisha "-dubwi". Umemwingiza mhusika bila mlango wala taa.

Je, muziki uwe wa kuchekesha?

Hapana. Hili ndilo swali ninalolijibu kwa ukali, kwa hiyo nivumilie. Shairi limekwisha kuwa la ajabu. Muziki nao ukijifanya wa ajabu, ukaweka mluzi wa kuteleza hapa na kishindo cha sahani pale, mtazamaji anakuwa amekonyezwa mara mbili, na mtu akikonyezwa mara mbili hutazama pembeni. Vivyo hivyo kwa sura za waigizaji. Yule anayetoa macho na kuchezesha nyusi anawaambia watu "hili ni la kipuuzi", nao walikuwa wameshajua tangu "kibutwe".

Kibutwe kilipopinda lilikuwa jambo zito kwa wanaokijua. Liimbeni kwa uzito huo. Kicheko kitatoka kwenye pengo kati ya uso wa mwimbaji na maneno yanayomtoka, na pengo hilo huzibika mara tu mwimbaji anapotabasamu.

Sisemi muziki uwe wa huzuni tu. Unaweza kuwa wa ghadhabu, wa mahaba, wa haraka kama watu wanaokimbia mvua. Uwe na hisia moja ya kweli kwa kila sehemu, usiwe na utani.

Waigizaji wananiuliza, "Mwalimu, Mdubwi ni nani?" Niwajibu nini?

Usiwajibu. Ukisema Mdubwi ni mfalme, kesho mmoja atakuja na taji la karatasi, na kuanzia hapo mtakuwa mnaigiza habari ya mfalme. Waulize wao: Mdubwi anataka nini? Upuuzi hauna maana, lakini lazima uwe na nia. Mwigizaji anaweza kuishi bila kujua neno lina maana gani. Hawezi kusimama jukwaani bila kujua anataka nani afanye nini.

Chukua "Piro! Piro!" Ukiipandisha ghafla, kutoka do hadi fa, inakuwa mwito, mtu anaita ng'ambo ya mto. Ukiishusha nusu toni, "pi" juu na "ro" chini yake kidogo, inakuwa ombi, karibu kilio. Ukiiweka yote kwenye nota moja ya chini, isiyosogea, inakuwa siri au tishio. Maneno ni yaleyale, nia tatu. Katika mazoezi waimbishe zote tatu, kisha uwaache vingolwe waitikie kwa miili yao. Siku hiyohiyo utajua ipi ni ya onyesho lenu, na hutakuwa umeeleza chochote kwa mdomo.

Mtunzi anachagua nia kabla ya mwongozaji, apende asipende, kwa sababu umbali kati ya nota mbili tayari ni hisia. Hivyo kaeni pamoja mapema. Ugomvi mwingi ninaoujua kati ya mtunzi na mwongozaji ulianzia kwenye nota mbili ambazo kila mmoja alizisikia kivyake.

Ala ngapi zinatosha?

Chache kuliko unavyotamani. Mtunzi Arnold Schoenberg mwaka 1912 alitumia wapigaji watano na msomaji mmoja katika kazi yake Pierrot lunaire, na kwa kuwa baadhi yao walibadilisha ala, wale watano walitoa sauti za ala nane. Mtunzi mwenzake Igor Stravinsky mwaka 1918, vita vikiwa vimefanya kila kitu kuwa adimu, aliandika hadithi ya jukwaani ya mwanajeshi kwa ala saba tu. Kazi zote mbili zinapigwa hadi leo, na hakuna anayelalamika kwamba ni nyembamba.

Kwa kikundi cha watu sita au saba, mimi hupenda ala moja yenye uwezo wa kushika upatanisho, yaani kupiga nota kadhaa zinazopatana kwa pamoja (kinanda, gitaa au akodioni), moja ya kupuliza au ya kamba yenye sauti inayofanana na ya mtu, kama klarineti au selo, na mtu mmoja wa kugonga. Watatu hao. Waliobaki ni waimbaji ambao mikono yao pia ni ala: makofi, kijiti, kengele ndogo, sakafu. Ala ya kupuliza ina faida ambayo watu huisahau: mpigaji anavuta pumzi, kwa hiyo anapumua pamoja na waimbaji bila kuelekezwa.

Mgongaji asiwe mtu wa kupamba. Katika ubeti wetu yeye ndiye mwenye ramani ya tano, tano, tatu, tatu, na akipotea yeye wamepotea wote. Agonge mkazo tu, pigo moja kwenye kila mkazo, kavu, mpaka kibwagizo. Pale aachiwe.

Waimbe au waseme kwa mapigo?

Vyote, lakini amua ni wapi. Kusema kwa mapigo hulinda maneno, na maneno ya kubuni yanahitaji ulinzi. Kuimba hupanua hisia. Mshororo unaoleta maneno mapya mengi ningeusema kwa mapigo. Mshororo ambao watu wamekwisha kuuzoea ningeuimba. Kwa hiyo beti zisemwe, kibwagizo kiimbwe. Au ubeti uleule usemwe mara ya kwanza na kuimbwa mara ya pili.

Mfano mkubwa wa kusema ni Façade, mashairi yanayosomwa juu ya muziki. Maneno ni ya Edith Sitwell, muziki ni wa William Walton, ambaye walipoijaribu kwa mara ya kwanza mbele ya wageni nyumbani kwa akina Sitwell huko London, Januari 1922, alikuwa na umri wa miaka 19. Msomaji hakuonekana: alikuwa nyuma ya pazia lililochorwa, sauti ikitoka kwenye kipaza sauti cha umbo la koni, kisichotumia umeme, kilichopenyezwa katika tundu la pazia hilo. Ninachokiona hapo ni uamuzi wa kijukwaa uliotatua shida ya kimuziki. Msomaji mmoja angezidiwa na wapigaji. Kipaza sauti kilimpa nguvu, na pazia likamwondolea mzigo wa kuwa na sura. Bomba la karatasi ngumu lililokunjwa kama koni bado linafanya kazi hiyo, na halihitaji umeme.

Ipo pia njia ya katikati, ambapo sauti inagusa nota kisha inaiacha mara moja na kuteleza kama mazungumzo. Schoenberg aliitaka hiyo. Inasikika vizuri kwa mwigizaji hodari kuliko kwa mwimbaji hodari, kwa sababu mwimbaji atainata nota kila unapogeuka.

Maneno hayasikiki. Kosa liko wapi?

Mara nyingi liko kwenye mojawapo ya sehemu tatu. Ya kwanza, ala inapiga palepale sauti ya mtu ilipo. Ipandishe au ishushe oktava moja (kutoka do hadi do inayofuata), au inyamaze mpaka mwisho wa kipande. Ya pili, melodia iko juu mno. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo i na u zinavyobanwa na konsonanti zinavyoyeyuka. Waigizaji wasiosomea uimbaji hukaa vizuri ndani ya nota nane, na kama utawapeleka juu, wapeleke kwenye a au o. Katika mfano wetu nota ya juu kabisa ningeiweka kwenye "Wanda", kamwe si kwenye "Piro" ikiwa Mdubwi ni mtu wa sauti nzito.

Ya tatu ni mwendo. Mtunzi analijua shairi kwa moyo, hivyo anaona silabi tano kwa sekunde ni sawa. Msikilizaji analipata mara moja tu. Anza na tatu kwa sekunde. Mleteni mtu ambaye hajalisoma, akae mwisho wa chumba, kisha aandike anachosikia. Akiandika "kibutwe" umefaulu, hata akikosea tahajia. Akiandika "kiputo" usimcheke. Rudi kwenye mkazo na uangalie b yako imeenda wapi.

Kikundi changu hakijui kusoma nota. Tufanyeje?

Wafundishe kwa kuitikia, kipande kwa kipande, kama nyimbo zote zilivyofundishwa kabla ya karatasi. Utaratibu wangu ni huu: kwanza mapigo kwa miguu bila maneno. Pili maneno juu ya mapigo, bila melodia, mpaka yawatoke hata wakiwa wanafunga viatu. Melodia ndiyo ya mwisho, na kufikia hapo huingia ndani ya nusu saa. Watu hutaka kuanza na melodia kwa sababu ndiyo tamu. Kataa.

Wenye kujua solfa (do, re, mi) uwaandikie solfa. Wasiojua uwaandikie shairi lenye mistari chini ya mikazo, na alama ya mkwaju (/) pale pa kuvuta pumzi. Karatasi hiyo moja imenisaidia kuliko nota za kurasa sita.

Tuwe na sauti nne za korasi?

Mkiwa sita, msiwe na sauti nne. Sauti moja wote pamoja ina nguvu ya kutisha kwenye maneno ya kubuni, kwa sababu watu wanaona kundi zima linakubaliana juu ya jambo ambalo wao hawalijui. Gawanyeni sauti mara moja au mbili, pale mnapotaka uso wa wimbo ubadilike. Kwenye "Zororo" ya mwisho, kwa mfano.

Na hapo utagundua kwamba zororo ya mshororo wa pili ni namna ya kutambaa, ilhali Zororo ya kibwagizo ni mahali, au labda ni ukoo. Sina la kusema kuhusu hilo. Ila niliipa nota zilezile mara zote mbili, ili asikie anayetaka kusikia.

Shairi liwe na urefu gani?

Kwa silabi tatu kwa sekunde, mshororo wa mizani 16 unachukua sekunde 5 na kidogo, na ubeti wa mishororo minne sekunde 21 hivi. Beti kumi ni zaidi ya dakika tatu na nusu kabla hujaweka mahali pa ala kupiga peke yake. Kwangu hapo ni mwisho. Ukitaka zaidi, katikati pawe na tukio la kuigizwa bila maneno.

Vipi kuhusu mavazi na kutembea jukwaani?

Yule Hugo Ball niliyemtaja alivaa vazi la karatasi ngumu lililombana hata akashindwa kutembea; ilibidi abebwe hadi jukwaani na kubebwa kuondoka. Akiwa hawezi kwenda popote namna ile, kilichobaki kwa watu ni kumsikiliza. Ninapenda kuanza mazoezi kwa wazo hilo: nani asisogee? Katika ubeti wetu ningemsimamisha Mdubwi kama mti na kuwaacha vingolwe watambae, kwa sababu wimbo umekwisha kusema hivyo. Wanaoimba mapigo ya tano wakitembea watajikuta wanabadilisha mguu kila fungu. Waache. Kuchechemea kwao ni kwa kweli, hakuigizwi.

Naweza kulitafsiri shairi la upuuzi la lugha nyingine?

Unaweza, lakini usitafsiri maneno. Maneno hayana cha kutafsiriwa. Tafsiri kazi yake: hapa kuna mnyama wa kutisha, hapa kuna kitendo cha mkono, hapa kuna sifa ya kitu chenye utelezi. Kisha tunga neno la Kiswahili linalonusa hivyohivyo, lipe ngeli, na uangalie mkazo. Kiingereza hupenda kumaliza mshororo kwa silabi nzito ya mwisho. Kiswahili chetu humaliza kwa silabi nyepesi baada ya nzito. Muziki uliotungwa kwa ajili ya Kiingereza utakuwa na pigo lake zito mwisho kabisa, mahali ambapo wewe una "-ro" isiyo na uzito. Usijaribu kuokoa muziki ule. Tunga mwingine.

Je, nahitaji ruhusa?

Ikiwa mtunzi wa maneno yuko hai au hajafariki muda mrefu, ndiyo, mwombe yeye au warithi wake, na uombe kwa maandishi: ruhusa ya kutungia muziki na ruhusa ya kuonyesha hadharani si kitu kimoja. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unalinda maandishi kwa angalau miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na nchi nyingi zimefika 70. Kati ya watunzi wa upuuzi wa Kiingereza, Edward Lear alifariki mwaka 1888, Lewis Carroll mwaka 1898, kwa hiyo maneno yao wenyewe ya Kiingereza yako huru. Tafsiri ya maneno hayo iliyofanywa na mtu wa juzi haiko huru: ina haki yake yenyewe. Na kama shairi liliandikwa na mwenzenu kikundini, andikianeni karatasi moja kabla ya onyesho, mkiwa bado mnapendana.

Tulionyesha na hakuna aliyecheka. Tumeshindwa?

Walinyamaza vipi? Kuna ukimya wa kukohoa na kusogeza viti, huo ni kushindwa, rudi kwenye mkazo na mwendo. Kuna ukimya mwingine ambapo hakuna anayesogea, kisha njiani kurudi nyumbani mtu anasikika akisema "Piro! Piro!" peke yake. Mimi ningelipia nauli kuupata huo. Kicheko nacho kikija, mara nyingi hakiji kwenye ubeti wa kwanza. Watu wanahitaji kusikia kibwagizo mara mbili ndipo wajione wenyeji.

Tunamalizaje?

Usipunguze mwendo mwishoni, na usiweke mlio mkubwa wa kuomba makofi. Imbeni kibwagizo mara tatu. Mara ya kwanza na ala zote, ya pili na kijiti tu, ya tatu kwa miguu na sauti, kikundi kikiwa kinaelekea huko Wanda, migongo kwa watazamaji. Mwambie mtu wa taa akae karibu na mgongaji amwone mkono. Azime kwenye RO, ile yenye mkazo, na "ro" ya mwisho isikike gizani.